John Scott Haldane, mtu aliyevuta sumu ili kuyajua mapafu

Aliyewahi kukwama kwenye foleni ya malori Katuna usiku wa mvua anaijua baridi ya milima ya Kigezi. Dereva na utingo wake hufunga vioo vya kabini, wakaingiza jiko la mkaa lililokwisha kukolea. Mkaa umekuwa mwekundu, hautoi moshi hata kidogo, na wote wawili wanaona hauna madhara kwa sababu mwenye madhara ni moshi. Wanajifunika blanketi, wanalala. Asubuhi, wakiwa na bahati, wanaamka na vichwa vinavyopasuka na miguu isiyobeba mwili. Wasipokuwa na bahati, wenzao wa nyuma kwenye foleni ndio watakaogonga kioo na kukosa jibu. Halafu maneno yanaanza: walilishwa kitu, walirogwa, walikunywa pombe mbaya.

Mimi mwenyewe niliwahi kulala nyumba ya wageni ya mpakani ambako mhudumu, kwa ukarimu tu, alituletea jiko chumbani. Tulikuwa watatu. Usiku wa manane mmoja wetu alitapika, na kwa kuwa alilazimika kufungua mlango ili atoke nje, sote tukapona. Kwa miaka mingi nilidhani tuliponzwa na nyama ya usiku ule.

Mtu aliyelieleza jambo hili kwa kipimo, tena kwa kujipima mwenyewe, alifariki mwaka 1936. Jina lake ni John Scott Haldane. Huku kwetu hatajwi sana, lakini wachimbaji, wazamiaji, madaktari wa hospitali na wapanda milima wa dunia nzima wanaishi kwa kazi yake bila kujua.

Alizaliwa Edinburgh, Uskoti, Mei 1860, katika ukoo wenye mali na elimu. Kaka yake Richard alikuja kuwa waziri wa vita wa Uingereza, na dada yake Elizabeth alikuwa mwandishi. John alisoma udaktari Chuo Kikuu cha Edinburgh, hichohicho alichokwenda kusoma Mwalimu Nyerere mwaka 1949, na alihitimu mwaka 1884. Kazi ya kukaa kliniki na kuandika dawa haikumvuta. Alichotaka kujua ni kitu ambacho watu hawakujishughulisha nacho kwa sababu hakionekani: hewa.

Kazi yake ya kwanza kubwa aliifanyia mji wa Dundee. Yeye na wenzake wawili walikuwa wakiingia usiku katika nyumba za maskini, familia nzima ikiwa imelala katika chumba kimoja, wakajaza chupa zao hewa ya chumba kile na kwenda kuipima maabara. Walipima pia shule na hata mifereji ya maji machafu. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1887. Mwaka huohuo Haldane alihamia Oxford, kwa mjomba wake aliyekuwa profesa wa fiziolojia.

Wakati ule iliaminika kwamba pumzi ya binadamu ina sumu fulani ya siri, na kwamba chumba kikijaa watu ni sumu hiyo inayowaumiza. Haldane hakuridhika na maneno. Yeye na mwenzake Lorrain Smith walijifungia ndani ya sanduku lisilopitisha hewa, wakakaa humo kwa saa nyingi, wakipumua pumzi yao wenyewe tena na tena huku hewa ikipimwa. Sumu ya siri hawakuiona. Waliona vitu viwili tu: oksijeni inapungua na hewa ukaa inaongezeka. Na kilichowafanya wahemehe kama waliotoka kubeba magunia kilikuwa ile hewa ukaa iliyoongezeka, wala si upungufu wa oksijeni. Hapo ndipo alipopata swali la maisha yake.

Ili tumfuate vizuri, tuingie kifuani kwanza.

Hewa ikipita puani na kooni huingia kwenye bomba moja gumu, lenye pete za gegedu ambazo unaweza kuzipapasa chini ya koromeo. Bomba hilo linagawanyika mawili, moja kwa kila pafu. Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili, kwa kuwa upande huo moyo nao unadai nafasi yake. Ndani ya pafu kila bomba linazaa mawili, na hayo mawili yanazaa manne, mgawanyiko baada ya mgawanyiko, kama mara 23, mpaka mirija inakuwa myembamba kuliko uzi. Mwishoni kabisa hakuna mrija tena. Kuna vifuko vidogo vya hewa vilivyoshikana kama kichala cha zabibu, na katika mapafu mawili ya mtu mzima vifuko hivyo vinahesabiwa kwa mamia ya mamilioni. Vingekunjuliwa na kutandazwa chini, vingefunika sakafu ya nyumba ya kutosha, kiasi cha mita za mraba 70 hivi. Ukubwa wote huo umekunjwa ndani ya kifua kinachoenea kwenye shati.

Kila kifuko kimezungukwa na mishipa ya damu iliyo membamba kiasi kwamba chembe nyekundu za damu hupita kwa foleni, moja nyuma ya nyingine. Kati ya hewa na damu kuna ukuta ambao unene wake haufiki hata elfu moja ya milimita. Huo ndio mpaka wenyewe. Wasomaji wa gazeti hili wanajua mipaka ya kila aina, lakini huu ni wa ajabu: mzigo unavuka pande zote mbili kwa wakati mmoja, bila karatasi, na chembe ya damu inamaliza shughuli zake zote pale kwa muda usiofika sekunde moja.

Ni nguvu gani inayoivusha? Ni ileile inayoyatoa mahindi mahali yalikojaa na kuyapeleka mahali yalikoadimika. Hewa tunayovuta ina oksijeni karibu asilimia 21. Damu inayorudi kutoka mwilini imeishiwa oksijeni na imejaa hewa ukaa. Basi oksijeni inatoka kwenye kifuko, iliko nyingi, inaingia kwenye damu, iliko chache, na hewa ukaa inafuata njia hiyohiyo kinyume. Tunapotoa pumzi, oksijeni imebaki kama asilimia 16 na hewa ukaa imefika kama asilimia 4. Hakuna pampu kwenye ukuta ule. Kumbuka sentensi hiyo, maana itamletea Haldane fedheha baadaye.

Ndani ya chembe nyekundu kuna kitu kinachoitwa himoglobini, chenye madini ya chuma, ndicho kinachoifanya damu iwe nyekundu. Hicho ndicho lori la oksijeni. Kinapakia mapafuni, kinashusha kwenye misuli, ubongo na moyo, kisha kinarudi kupakia tena. Uzuri wake ni kwamba kinaishika oksijeni kwa nguvu ya kutosha kuibeba, na kwa ulegevu wa kutosha kuiachia inapohitajika.

Sasa twende migodini.

Januari 1896 mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, kusini mwa Wales, ulilipuka na kuua wachimbaji 57. Ilizoeleka kusema kwamba watu wa namna hiyo wameuawa na mlipuko au moto. Haldane, ambaye serikali ilikuwa imempa kazi ya kuchunguza vifo vya migodini, aliteremka mwenyewe na kukagua maiti. Wengi hawakuwa na jeraha la kuua. Walikutwa wamekaa au wamelala kama waliopumzika, na nyuso zao zilikuwa na rangi nyekundu ya afya, mashavu kama ya mtu aliye hai. Kwa mtaalamu wa damu, rangi ile ilikuwa ushahidi tosha. Wengi waliuawa na kaboni monoksaidi, gesi inayobaki baada ya mlipuko wakati moto umekosa hewa ya kutosha kuunguza kila kitu hadi mwisho.

Alikuwa anajua anachokitafuta kwa sababu mwaka mmoja kabla alikuwa ameivuta gesi hiyo yeye mwenyewe. Aliipima, akaichanganya na hewa, akakaa maabara akaivuta huku akichukua matone ya damu yake na kuandika anavyojisikia. Mwanzoni hakusikia chochote. Baadaye alianza kuhema kidogo, moyo ukaenda mbio, kichwa kikauma, macho yakafifia, mwandiko wake ukaharibika. Alipojaribu kusimama alikuwa kama mlevi. Kufikia hapo zaidi ya nusu ya himoglobini yake ilikuwa imeshikwa na gesi. Wengine wangeacha mapema. Yeye alirudia zoezi hilo mara kadhaa, kila mara kwa kipimo tofauti, ili apate jedwali linaloonyesha mtu hufika wapi akivuta kiasi gani kwa muda gani.

Siri ya gesi hiyo ni rahisi kuieleza, na inatisha. Himoglobini inaipenda kaboni monoksaidi zaidi ya mara 200 kuliko inavyoipenda oksijeni. Kwa hiyo hata gesi ikiwa kidogo sana chumbani, inapanda lori na kukalia nafasi, wala haishuki kituo kinachofuata. Oksijeni ipo tele mapafuni, mapafu yenyewe ni mazima, lakini malori yamejaa abiria wasioshuka. Tena zile nafasi chache zilizobaki zinashindwa kushusha oksijeni yake kama kawaida. Mwili unakufa njaa ya oksijeni katikati ya hewa nzuri. Na kwa kuwa hewa ukaa haijaongezeka, mtu hahisi kukabwa, wala haamki akitafuta pumzi. Analala zaidi.

Miguu ndiyo husaliti kwanza. Mtu anaweza kuwa bado ana akili ya kusema leo hewa ya humu si nzuri, na akijaribu kuufikia mlango magoti yanaisha. Haldane aliliona hilo kwake mwenyewe na akaelewa kwa nini wachimbaji wengi walikutwa wameanguka wakiwa njiani kutoka.

Na jiko letu la mkaa? Tatizo linaanzia palepale tunapodhani limekwisha, mkaa ukiwa mwekundu bila moshi. Hewa inayoingia chini ya jiko inageuka hewa ukaa, hewa ukaa hiyo inapopanda kati ya mkaa unaowaka inachukua kaboni nyingine na kugeuka kaboni monoksaidi. Jikoni kwenye upepo haina neno. Ndani ya kabini ya lori iliyofungwa, au chumba cha wageni chenye dirisha lililozibwa kwa gazeti, hesabu ni nyingine. Haina harufu wala rangi. Kuweka beseni la maji kando ya jiko hakusaidii, kwa sababu gesi hii haiyeyuki majini kwa kiasi cha maana. Kulala sakafuni pia hakusaidii, kwa kuwa uzito wake unakaribiana mno na wa hewa ya kawaida na inaenea chumba kizima. Hali ni hiyohiyo kwa jenereta iliyowekwa ndani ya duka ili isiibiwe, na kwa gari linalounguruma ndani ya banda lililofungwa. Watu wawili au watatu wa chumba kimoja wakiumwa kichwa na kichefuchefu kwa pamoja, watoke nje kwanza ndipo waulizane walikula nini. Aliyezimia atolewe nje upesi apelekwe hospitali apewe oksijeni, kwa sababu oksijeni nyingi ndiyo inayowasukuma abiria wale washuke.

Hilo la oksijeni nalo ni la Haldane. Mwaka 1895 alimweka panya katika chombo chenye gesi ile ya sumu kwa kiasi cha kufanya himoglobini yake isifae kitu, lakini akamjazia oksijeni kwa shinikizo la mara mbili ya hewa ya kawaida. Panya alibaki hai, akiishi kwa oksijeni iliyoyeyuka katika maji ya damu. Leo hospitali kubwa zina vyumba vya shinikizo vinavyotumia kanuni hiyo kwa waliovuta sumu hii.

Kisha kuna ndege. Taa ya mchimbaji haikuweza kuonyesha kaboni monoksaidi, kwa sababu hewa inayomuua mtu kwa gesi hiyo bado inawasha taa vizuri. Haldane alifikiri hivi: mnyama mdogo anapumua haraka na damu yake inazunguka haraka, kwa hiyo sumu itamfikia mapema kuliko mtu. Akashauri waokoaji wateremke na panya au ndege mdogo. Ndege akapendwa zaidi, kwa kuwa panya akizidiwa hujikunyata tu, bali kanari, hawa jamaa wa chiriku wetu, anaanguka kutoka kwenye kijiti na kila mtu anaona. Tangu mwaka 1911 kanari waliwekwa rasmi katika migodi ya Uingereza. Walitengenezewa hata kizimba chenye mtungi mdogo wa oksijeni juu yake. Ndege akianguka, mlango unafungwa, oksijeni inafunguliwa, naye anazinduka. Wachimbaji walikuwa na ubinadamu wao.

Nyumbani Haldane alioa mwaka 1891, akapata mwana na binti. Binti, Naomi, alikuwa mwandishi mashuhuri. Mwana alikuwa J.B.S. Haldane, mwanasayansi mwenye jina kubwa pengine kumpita baba. Malezi yao yalikuwa ya ajabu, na sijui kama ningewaachia wanangu. Siku moja baba alimpeleka kijana mgodini, mahali penye methani iliyokusanyika chini ya dari, akamsimamisha na kumtaka akariri hotuba ya Antoni kutoka tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa jina la Juliasi Kaizari. Mtoto hakufika mbali, miguu ikalegea akaanguka. Pale chini hewa ilikuwa safi, akazinduka. Alijifunza kwamba methani ni nyepesi kuliko hewa na hukaa juu, na hakulisahau hadi uzeeni.

Mwaka 1905 Haldane na kijana aliyeitwa Priestley walitoa kazi ambayo wataalamu wengi wanaihesabu kuwa kubwa kuliko zote alizofanya. Swali lilikuwa: nani anayeuambia mwili upumue kiasi gani? Tunalala, tunapanda kilima, tunabeba gunia la mchele, na pumzi inajirekebisha yenyewe. Walihitaji kupima hewa ya kule ndani kabisa, kwenye vifuko, si ile ya mdomoni. Wakabuni njia ambayo fundi yeyote angeielewa: mtu anapuliza kwa nguvu hadi mwisho wa pumzi kwenye bomba refu, na hewa ya mwisho kutoka, ile iliyobaki karibu na mdomo, ndiyo iliyotoka vifukoni. Wakaipima. Kiasi cha hewa ukaa kilikuwa karibu kilekile siku hadi siku kwa mtu yuleyule, kama asilimia 5 na nusu hivi. Na ilitosha kuiongeza kwa sehemu mbili tu za kumi za asilimia moja ili upumuaji uongezeke maradufu. Mwili unailinda hewa ukaa kama mpima mizani anayejua kila kilo. Ndiyo maana mtu akibana pumzi, kinachomlazimisha aivute tena mwanzoni ni hewa ukaa iliyorundikana, wala si oksijeni iliyokwisha.

Jeshi la majini nalo lilimhitaji. Wazamiaji waliokaa chini ya maji marefu walipanda juu na kupooza au kufa, kwa sababu naitrojeni iliyoingia katika damu kwa shinikizo hugeuka mapovu shinikizo likiondoka ghafla, kama soda iliyofunguliwa. Haldane na wenzake walitumia mbuzi katika tangi la chuma. Mbuzi mwenye maumivu hukunja mguu wa mbele, na huo ndio uliokuwa mzani wao. Mwaka 1908 walichapisha majedwali ya kupanda kwa vituo, mzamiaji akisimama hapa dakika kadhaa na pale dakika kadhaa. Majedwali yamerekebishwa sana tangu hapo lakini utaratibu wa kupanda kwa vituo ni huohuo.

Nimesema kuhusu fedheha. Haldane aliamini kwamba mapafu yanaweza kuisukuma oksijeni ndani ya damu kwa nguvu yake yenyewe, hasa mtu akiwa kwenye hewa nyepesi ya mlimani. Mwaka 1910 mume na mke wa Denmark, August na Marie Krogh, walionyesha kwa vipimo makini kwamba hakuna kusukuma: gesi inavuka kwa tofauti ya shinikizo tu. Haldane hakukubali. Mwaka 1911 alikwenda Pikes Peak, mlima wa Colorado nchini Marekani wenye urefu wa mita 4,300, akakaa kileleni wiki tano na wenzake watatu. Treni ilikuwa ikipandisha watalii hadi kileleni, nao walishuka mabehewani midomo ikiwa ya samawati, wengine wakitapika na kuzimia, huku watafiti waliokwisha kuzoea wakiwatazama na kuandika.

Walichokileta kutoka kule kilikuwa cha thamani. Walionyesha kwamba mtu akikaa juu, pumzi yake inazidi kuwa nzito siku baada ya siku, na himoglobini inaongezeka wiki baada ya wiki, yaani mwili unanunua malori zaidi. Mkimbiaji wa Iten analijua hilo kwa miguu yake, na mpakiaji wa Mombasa aliyepelekwa Timboroa kushusha mizigo atalijua siku ya kwanza. Lakini Haldane alirudi pia akiwa amesadiki kwamba mapafu yanasukuma oksijeni. Hapo alikosea, na aliendelea kukosea hadi kufa, ingawa ushahidi ulizidi kuwa dhidi yake. Nadhani ni vizuri kulisema wazi. Mtu aliyewashinda wengi kwa kupima alishindwa kuukubali mzani ulipomgeukia.

Kuna kazi moja iliyomgusa mtu wa Afrika moja kwa moja. Alipochunguza afya ya wachimbaji wa bati wa Cornwall, katika taarifa ya mwaka 1904, aligundua kwamba waliokuwa wakifa vijana kwa maradhi ya mapafu wengi walikuwa wameendesha mashine za kutoboa miamba, na wengi wao kazi hiyo waliifanyia Transvaal, Afrika Kusini, kwenye dhahabu. Lile vumbi la mawe lilikuwa limekwama vifukoni na kuufanya ukuta ule mwembamba kuwa kovu nene ambalo gesi haivuki. Wachimbaji wadogo wa Geita na wa mashariki mwa Kongo wanaotoboa mwamba mkavu bila maji wanavuta vumbi la jamii hiyohiyo, na kovu hilo halina dawa.

Vita ya kwanza ya dunia ilimkuta na miaka zaidi ya 50. Aprili 1915 Wajerumani walipofungua mitungi ya klorini karibu na Ypres nchini Ubelgiji, serikali ilimtuma Ufaransa akawaone waliopumua gesi hiyo, naye akathibitisha ni klorini. Alirudi akajifungia tena na gesi, safari hii klorini, yeye na wenzake, mwanawe akiwemo, ili kujaribu vitambaa na barakoa za kujikinga. Mwezi uleule wa Mei kaka yake Richard aliondolewa serikalini kwa tuhuma za kuwapenda Wajerumani, kwa kuwa aliwahi kusoma kwao. Kwa askari ambao mapafu yao yalikuwa yamejaa maji, Haldane alitengeneza kifaa cha kuwapa oksijeni kwa mfululizo na kwa kipimo, na mwaka 1917 aliandika jinsi ya kuitumia kwa wagonjwa. Kabla yake madaktari waliipitisha tu oksijeni karibu na uso wa mgonjwa kwa faneli na kuiita tiba. Mitungi tuliyoitafuta usiku na mchana wakati wa UVIKO-19 ina ukoo wake hapo.

Aliendelea na kazi za migodi hadi uzeeni. Mwaka 1934 alipewa Nishani ya Copley, ambayo ni heshima kubwa ya wanasayansi wa Uingereza. Mapema mwaka 1936, akiwa na miaka 75, alisafiri hadi Uajemi kuchunguza wafanyakazi wa viwanda vya kusafishia mafuta waliokuwa wakizidiwa na joto. Alirudi nyumbani Oxford na hakukaa. Alifariki usiku wa manane, Machi 14 kuamkia 15.

Kanari wake walimwishi miaka 50. Walibaki kazini katika migodi ya Uingereza hadi mwaka 1986, serikali ilipotangaza kwamba nafasi zao zitachukuliwa na vifaa vya kielektroniki vya kushika mkononi. Kifaa cha jamii hiyo, cha kubandika ukutani na kulia king'ora gesi ikiingia, siku hizi ni kidogo kuliko sahani ya chai. Katika nyumba za wageni za mipakani nilizolala mwaka huu, sijakiona hata kimoja.